Stempu

Nilipohamia kwa Signe, mwezi wa pili, Duluth,
theluji ikiwa imefika usawa wa kisanduku cha barua,
nilikuja na mabegi mawili, spana zangu na redio.
Chura alikuwa mwenyeji. Alinitangulia miaka kumi na mmoja.
Alining'inia katikati ya maji, mikono wazi,
kama mtu aliyeamriwa asimame apekuliwe
kisha akasahauliwa.

"Huyo ni Stempu," Signe akasema. "Wa Leif."
Naye Leif alikuwa mlangoni, miaka kumi na tisa, funguo mkononi.
Akanitazama mimi, akamtazama chura,
akaenda zake Dakota kuchomelea mabomba.

Habari nilizipata vipande vipande, jikoni, Signe akimenya viazi:
zawadi ya siku ya kuzaliwa, boksi lenye picha ya chura
na ndani hamna chura,
mna kijumba cha plastiki na kadi ya kutuma kwa posta.
Mtoto akatuma. Kampuni haisafirishi kiumbe hai
katika baridi ya kugandisha mate,
basi akangoja hadi mwezi wa tano,
kila jioni akitoka shule anachungulia kisanduku.
Ikaja chupa. Ndani ya chupa, kiluwiluwi
mwangavu kama kioo cha saa:
ulikuwa unauona moyo, Signe alisema,
nukta inayodunda, na utumbo umejiviringa kama uzi.
Mtoto hakulala usiku ule.
Baba yake ndiye aliyemshikia tochi.
Hilo alilisema taratibu, akachukua kiazi kingine.

Mimi ni fundi wa boila. Maji nayajua.
Kazi ikanijia bila kuombwa:
ndoo ilale wazi usiku kucha, klorini ipeperuke,
nusu yatoke, nusu yaingie,
uvuguvugu wa kiganja, si wa kikombe.
Hana ulimi huyu. Chakula hukisukumiza kinywani kwa mikono miwili,
kama msafiri anayelazimisha sanduku lifunge.
Akijivua ngozi, huimeza.
Hatupi kitu; marehemu mama yangu angempenda.
Na usiku, taa zikizimwa, hualika chini ya maji,
hualika kwa maana zote mbili za neno,
tik-tik-tik, wala hakuna jike wa kuitika
kutoka hapa hadi mpaka wa Kanada.
Kelele za chura, wanasema, hazimnyimi ng'ombe maji.
Mimi zilininyima usingizi.

Leif hupiga simu Jumapili. Nikipokea mimi, kimya. Halafu:
"Amekula?"
"Amekula."
"Mpe mama."
Miaka mitatu, hayo ndiyo mazungumzo yetu:
maneno manne na upepo wa Dakota.

Januari hii umeme ulikatika siku mbili.
Signe amekwama zamu hospitalini, barabara zimefungwa,
na mimi, fundi wa joto la watu, nyumba yangu inapoa
kama chai ya mgonjwa.
Nikamhamishia Stempu kwenye jagi,
jagi nikalikumbatia ndani ya koti,
nikakaa sakafuni nikimfikiria yule wa tochi,
ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Saa nane usiku simu ikaita. Haikuwa Jumapili.
"Amekula?"
"Hapana. Lakini anapiga mateke."
"Maji nyuzi ngapi?"
Nikatafuta tochi, nikaibana kwa meno, nikasoma.
"Sitini na nne."
"Zisishuke hapo."
"Hazitashuka."

Nikangoja aseme nimpe mama.
Hakusema. Hakukata.
Tukabaki hivyo, yeye na pumzi yake, mimi na jagi langu,
barafu ikinguruma juu ya paa,
mpaka kitu kikaalika dhidi ya ubavu wangu,
mara moja tu, kikavu, kama kidole.

"Nimemsikia," Leif akasema.